Gari linanuka kuungua: fuata harufu kabla hujanunua spea

Saa kumi na mbili jioni, foleni ya Kimara haisogei, na pua yako inanasa harufu ya kitu kinachoungua. Madereva wote wa Dar tunafanya jambo moja hapo: tunalitupia jicho daladala la pembeni. Foleni inaachia, daladala linaingia kituoni, wewe unaendelea na safari yako, na harufu bado ipo. Basi ni ya kwako.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye gari la kawaida la mtumba kutoka Japani, iwe Vitz, IST, Premio, Noah, X-Trail au Forester, na mwenye jeki, spana chache na tochi. Baadhi ya kazi utazifanya mwenyewe, nyingine utamwachia fundi huku ukimsimamia. Ila kutafuta chanzo ni kazi yako, maana wewe ndiye uliyekuwa ndani gari liliponuka. Ukifika gereji harufu mara nyingi imeshaondoka. Fundi asiyeisikia atakisia, na makisio yake utayalipia wewe.

Mimi nililipia. IST yangu ilikuwa inanuka kila nikifika kazini. Fundi alifungua boneti, akaona oili imetoka jasho kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, akasema tatizo ndilo hilo. Nikanunua gasketi, ikafungwa. Kesho yake harufu ileile. Kumbe kebo ya hendibreki ilikuwa imeshika kutu, na brekishuu za gurudumu la nyuma kushoto zilikuwa zinajisugua tangu natoka nyumbani. Oili ilikuwa inavuja kweli, lakini haikuwa inafika kwenye ekzosi. Ningeinama kunusa magurudumu manne kabla ya kufungua boneti, ningejua ndani ya dakika mbili.

Kabla ya yote: usimame au uendelee?

Simama mara moja ukiona moshi unatoka chini ya dashibodi au kwenye boneti, ukisikia harufu ya plastiki inayoungua au harufu kali ya petroli, taa nyekundu ya oili, ya breki au ya joto ikiwaka, au pedali ya breki ikizama kuliko kawaida. Kumbuka kwamba gari nyingi ndogo hazina mshale wa joto, zina taa tu, na ikiwa nyekundu injini imeshachemka.

Washa hazadi, toka barabarani, usiegeshe juu ya nyasi kavu. Zima swichi kabisa. Toa watu wote upande usiopita magari, wakae mbali.

Kama moshi unatoka kwenye boneti, vuta kile kishikio cha ndani ili boneti ilegee, lakini usiinyanyue. Moto unaofukuta chini ya boneti una njaa ya hewa. Ukiifungua ghafla utaurukia uso wako. Pulizia mtungi wa kuzimia moto kupitia ule upenyo mwembamba, ukilenga pale moto unapoanzia na si kwenye miali ya juu. Mtungi mdogo wa gari unaisha kwa sekunde chache tu. Ukiisha na moto haujazimika, achana na gari, piga 114 kama uko Tanzania au 999 kama uko Kenya. (Wengi tulinunua mtungi kwa ajili ya trafiki. Uko kwenye buti chini ya tairi la akiba na mshale wake umelala kwenye nyekundu. Utoe huko, uweke chini ya siti ya dereva, ufungwe usitembee hadi kwenye pedali.)

Kama hakuna moshi wala taa, na harufu ni ya oili au ya breki kidogo, unaweza kujikongoja hadi mahali penye usalama na mwanga. Hapo ndipo upelelezi unaanza.

Inanukaje, inanuka wakati gani, inatokea upande gani

Maswali haya matatu yanapunguza wahusika kutoka kumi hadi wawili, na hayahitaji hata spana.

Aina ya harufu kwanza:

- Nzito, inayokaba koo, kama kikaango kilichosahaulika jikoni: oili au grisi imedondokea ekzosi.
- Kali, ya kukereketa pua, kama gurainda inasaga chuma: breki.
- Kama gazeti lililoungua: klachi. Inafanana sana na ya breki, kwa hiyo hapa swali la wakati ndilo litakaloamua.
- Mpira: belti, au tairi linalosugua.
- Plastiki au waya, harufu inayokuumiza kichwa: umeme.
- Tamu, kama sharubati iliyoungulia sufuriani: kulanti, yaani maji ya kupozea injini.
- Mayai viza: masega ya ekzosi (kile chombo cha kusafisha moshi), au betri.
- Majani, karatasi, nailoni: kitu kigeni kimenaswa.

Kisha wakati. Harufu inayokuja baada ya kusimama kwenye taa, pale gari lisipopata upepo, kwa kawaida ni oili inayodondoka. Inayokuja ukipanda kilima kwa gia ya manyua ni klachi. Inayokuja ukishuka mlima, au baada ya mwendo wa barabara kuu bila kukanyaga breki, ni breki. Inayokuja ukiwasha tu AC, angalia kompresa na belti. Inayokuja ukiwasha taa kubwa usiku ni umeme.

Mwisho ni upande. Fanya jaribio hili ukiwa umekaa kwenye siti: bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, kile chenye mshale unaojikunja ndani ya picha ya gari. Hewa ya nje huingilia chini ya kioo cha mbele, jirani kabisa na injini. Kama harufu inafifia ukifunga hewa ya nje na kurudi ukiifungua, chanzo kiko nje ya kabini. Kama haijali kitufe, chanzo kiko ndani: chini ya dashibodi, kwenye siti, au kwenye redio.

Sasa shuka. Injini imezimwa, gari liko tambarare. Zunguka ukisogeza kiganja karibu na rimu ya kila gurudumu bila kuigusa, kisha nusa. Gurudumu lenye tatizo linakupiga na joto ukiwa bado hujalifikia. Inama uangalie chini kote kwa tochi. Boneti iwe ya mwisho.

Oili kwenye ekzosi

Hiki ndicho chanzo kinachoonekana mara nyingi kwenye magari yetu, kwa sababu gasketi za mpira zinakauka kwa umri na magari yetu yana umri. Bomba la ekzosi karibu na injini linazidi nyuzi joto 300 kwa urahisi. Tone moja la oili likidondoka hapo linatoa moshi wa kumtisha abiria.

Anza kwa kujiuliza kama gari limetoka sevisi juzi. Filta ikifunguliwa oili humwagika, na fundi mwenye haraka hafuti. Hiyo itaungua yenyewe siku mbili tatu na kuisha. Hakikisha tu kwamba kizibo cha kumiminia oili kimerudishwa, usicheke, kinasahaulika. Kisha vuta kijiti upime. Kama oili imeshuka chini ya alama ya chini, ongeza kwanza, tafuta uvujaji baadaye.

Kuona pale oili inapotokea ni kazi ya subira. Oili inashuka chini na upepo unaisukuma nyuma, hivyo sehemu iliyolowa zaidi si lazima iwe ndiyo inayovuja. Osha injini ikiwa baridi kwa brashi na sabuni ya unga au dawa ya kuondoa grisi, ukiwa umefunika altaneta, koili na kifuko cha filta ya hewa kwa nailoni. Kausha. Tembea siku moja au mbili, kisha urudi na tochi. Sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo yenye hatia. Usipoiona vizuri, nyunyizia poda ya mtoto juu ya pale unapopashuku, tembea kidogo, na njia ya oili itajichora juu ya weupe.

Mara nyingi utakuta ni gasketi ya tapeti kava. Kwenye injini ndogo za Toyota za silinda nne kazi hii inawezekana nyumbani:

1. Subiri injini ipoe kabisa. Chomoa soketi za koili, fungua koili, zipange kwa mfuatano wake. Ukikuta oili kwenye visima vya plagi, raba za visima hivyo nazo zimekwisha. Nunua seti nzima.
2. Fungua bolti za kava, nyingi ni za spana namba 10. Kava likigoma, ligonge taratibu kwa mpini wa nyundo. Usilichokonoe kwa bisibisi, utachimba aluminiamu na hapo hakuna gasketi itakayoziba.
3. Safisha nyuso zote mbili hadi kitambaa kitoke kikavu. Ziba njia za oili kwa kitambaa safi wakati wa kukwangua, na ukumbuke kukitoa.
4. Gasketi mpya iingie kwenye mfereji wake ikiwa kavu. Silikoni weka tone tu kwenye zile kona ambapo kava la cheni linakutana na silinda hedi. Anayeipaka kuzunguka kote anakutengenezea vipande vitakavyokatika na kuziba njia ya oili.
5. Kaza kutoka katikati kwenda nje, kidogo kidogo, kwa mizunguko miwili au mitatu. Bolti hizi zinataka nguvu ya kama 10 Nm tu, yaani mkono mmoja kwenye raketi fupi. Ukikaza kwa hasira, gasketi inaminywa nje au kava linapasuka.

Kabla hujafunga boneti, chomoa kivalvu cha PCV, kile kidogo chenye mpira kinachotoka kwenye kava kwenda kwenye manifoldi ya hewa. Kitikise. Kikilia "tiki tiki" ni kizima, kikinyamaza kimeganda. PCV iliyoziba inaacha presha ikusanyike ndani ya injini, na presha hiyo inasukuma oili kwenye kila gasketi. Nimeona watu wakibadilisha gasketi ya tapeti mara tatu kwa mwaka kwa sababu ya kidude hiki.

Wenye Subaru mna mambo yenu. Injini yenu imelala, tapeti kava ziko ubavuni, na ekzosi inapita chini yake. Uvujaji ambao kwenye Toyota ungelowesha tu pembeni ya injini, kwenu unadondoka moja kwa moja juu ya bomba la moto. Ndiyo maana Forester yenye umri hunuka oili ikisimama kwenye taa hata kama kijiti kinasoma vizuri. Kazi yenyewe ni ileile, ila nafasi ni finyu, na mtu asiyeizoea atachuna ngozi ya vidole.

Kama injini ni kavu kabisa na harufu ya oili bado ipo, lala chini uangalie mpira wa sivijointi, ile jointi ya ekseli inayozungusha gurudumu, upande wa ndani. Ukipasuka, grisi inarushwa na mzunguko na kutua kwenye ekzosi. Utaona alama nyeusi zimepigwa mstari kwenye kila kitu kilicho jirani. Mpira ukibadilishwa mapema, na grisi mpya ikawekwa, jointi inapona. Ukisubiri, mchanga unaingia na utanunua jointi nzima.

Breki inayoshika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo harufu inayopuuzwa zaidi na ndiyo inayoua.

Tofautisha kwanza breki iliyochoshwa na breki iliyokwama. Ukishuka Kitonga, au kutoka Soni kwenda Mombo, huku mguu umelala kwenye pedali, magurudumu ya mbele yote mawili yatanuka na hakuna kilichoharibika bado. Rudisha gia: kwa manyua tumia gia ya chini, kwa otomatiki weka 2 au L, CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) nyingine ni S au B. Kanyaga kwa nguvu kidogo, punguza mwendo, achia, ziache zipoe. Ukisimama ili zipoe, usivute hendibreki na usimwage maji kwenye diski. Diski yenye moto ikimwagiwa maji inapinda au kupasuka, na hendibreki inaweza kugandisha brekishuu kwenye dramu. Weka jiwe nyuma ya tairi, subiri nusu saa. Pedi mpya nazo hunuka kwa safari chache za mwanzo. Hilo ni la kawaida.

Breki iliyokwama ni ya upande mmoja. Tembea kilomita tano hadi kumi kwenye barabara isiyo na foleni, ukisimama kwa kuliacha gari lipungue lenyewe. Shuka upime joto la rimu kwa kiganja. Gurudumu moja likiwa moto na mwenzake wa upande wa pili akiwa vuguvugu, umempata.

Sasa tujue ni nini kimeshika. Gari liwe tambarare, magurudumu mengine yamewekewa mawe, legeza nati kidogo tairi likiwa bado chini, kisha jeki, kisha stendi. Jeki peke yake si ya kumwamini mtu anayelala chini ya gari. Zungusha gurudumu kwa mkono: zuri linazunguka na msuguano mdogo tu, lililokwama linagoma.

Kwa gurudumu lenye kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, legeza nipo ya kutolea upepo, robo mzunguko, ukikinga mafuta kwa chupa. Angalia kinachotokea:

- Gurudumu likibaki limekwama ilhali presha imetoka, tatizo ni chuma: pistoni ya kalipa imeota kutu, au pini zinazoteleza zimekauka.
- Gurudumu likiachia mara moja, presha ilikuwa imefungiwa. Funga nipo, mtu akanyage pedali mara mbili gurudumu likwame tena, kisha legeza jointi pale bomba la chuma linapokutana na mpira wa breki. Likiachia, tatizo liko juu, kwenye masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Lisipoachia, mpira wenyewe umevimba ndani na umegeuka valvu ya njia moja. Kwa nje utauona mzima kabisa, na ndiyo maana watu wanabadilisha kalipa mbili kabla ya kuushuku.

Pini zilizokauka ndizo za kawaida na ndizo rahisi. Chomoa bolti za kalipa, ning'iniza kalipa kwa waya (isining'inie kwa mpira wake), vuta pini, zisafishe hadi zing'ae, paka grisi maalumu ya breki. Grisi ya beringi inavimbisha raba na utarudi hapo baada ya miezi miwili. Petroli usiitumie kusafishia chochote chenye raba ya breki; tumia spiriti au dawa ya breki. Pistoni yenye kutu ndani ya kalipa inahitaji seti ya raba mpya, au kalipa nyingine kama kutu imechimba. Pedi zikiwa chini ya milimita 3, weka mpya pande zote mbili za ekseli. Upande mmoja haubadilishwi peke yake.

Kwa dramu za nyuma, legeza hendibreki, fungua dramu, vuta kebo uone kama inarudi yenyewe. Kebo yenye kutu haitengenezwi kwa kumwagiwa oili, inabadilishwa. Kama ni springi iliyolegea au adjasta iliyokazwa kupita kiasi, hiyo utairekebisha palepale.

Na kama magurudumu yote manne yameshika kwa pamoja? Fungua kopo la mafuta ya breki unuse, uangalie rangi. Kuna anayeongeza haidroliki au oili kwenye kopo hilo kwa kutojua. Raba zote za mfumo zinavimba, pistoni hazirudi, na dawa yake ni kubadilisha raba zote na kusafisha mabomba. Ukisikia hadithi hiyo kutoka kwa mtu aliyekuuzia gari, shusha bei.

Ukimaliza kazi yoyote iliyofungua mfumo, toa upepo, weka mafuta ya daraja lililoandikwa kwenye kizibo. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi joto 205, lakini inanyonya unyevu wa hewa, na ikishalowa kiwango chake kinashuka hadi 140. Sisi tunaoishi pwani tuna unyevu wa kutosha. Badilisha kila miaka miwili. Kaza nati za magurudumu kwa kupishanisha. Kwa Vitz na IST kipimo ni 103 Nm.

Waya na fyuzi

Harufu ya plastiki haina cha kusubiri. Zima gari, fungua temino hasi ya betri kwa spana namba 10, na usiirudishe hadi umepata chanzo.

Anza na kile ambacho hakikuja na gari kutoka kiwandani: redio, alamu, kamera, taa za ziada, chaja, kifaa cha kufuatilia gari. Waya zilizounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa selotepu ndizo mshukiwa nambari moja. Zifuate kwa vidole, utafute sehemu iliyo ngumu, iliyobadilika rangi au iliyong'aa kwa kuyeyuka. Kisha fungua boksi la fyuzi. Rangi zinasema ampea: nyekundu 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Linganisha kila moja na mchoro wa kifuniko. Ukikuta kijani palipoandikwa 15, au kipande cha waya, umekuta mkono wa mtu. Fyuzi inalinda waya, hailindi redio. Ukiweka ya 30 kwenye waya wa 15, sasa waya wenyewe ndio utakaoungua, tena ndani ya zulia.

Taa nazo. Balbu ya kawaida ya H4 ni wati 60 na 55. Zile za wati 100 zinazouzwa barabarani zinavuta zaidi ya ampea 8 kwenye soketi iliyotengenezwa kwa takriban 5. Chomoa soketi nyuma ya taa. Ikiwa ya kahawia na imekakamaa, badilisha soketi na urudi kwenye balbu ya kawaida. Anayetaka mwanga zaidi aweke rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), waya mnene kutoka betri, na fyuzi yake jirani kabisa na betri.

Kama feni ya ndani inafanya kazi kwenye spidi ya juu pekee na inanuka, chomoa rezista yake na soketi yake uziangalie, mara nyingi nyuma ya droo ya dashibodi. Majani yaliyoingia kwenye feni humfanya mota ajitese hadi soketi iyeyuke.

Betri ina harufu yake ya mayai viza. Pima kwa mita: injini ikiwa imezimwa usome karibu volti 12.6, ikiwaka 13.8 hadi 14.7. Zaidi ya 15 altaneta inaichemsha betri. Usiwashe kiberiti karibu, hewa inayotoka inalipuka.

Klachi na giaboksi

Klachi inanuka kwa sababu ya dereva kuliko sababu nyingine zote. Kulishikilia gari kwenye mwinuko kwa klachi badala ya breki, au kupumzisha mguu kwenye pedali, kunachoma pleti. Acha ipoe dakika ishirini, badilisha tabia, na huenda ikapona. Kupima: barabara tupu, gia ya nne, mwendo wa kama 50, kanyaga mafuta kwa nguvu. Mlio ukipanda bila gari kwenda, pleti inateleza na imekwisha. Hii ni kazi ya kushusha giaboksi, mwachie fundi, na badilisha pleti, presha pleti na rilizi beringi kwa pamoja.

Kwa otomatiki, vuta kijiti cha gia kama kipo, udondoshe tone kwenye tishu nyeupe. Nyekundu ni nzuri. Kahawia nyeusi yenye harufu ya kuungua ni habari mbaya. Kwa CVT, kama X-Trail nyingi, aina ya oili ni sharti: NS-2 au NS-3 kulingana na modeli. Oili ya otomatiki ya kawaida ndani ya CVT inaua giaboksi.

Zilizobaki

Mpira: injini imezimwa, angalia belti kama inang'aa kama kioo au ina nyufa. Injini ikiwaka, washa AC. Kelele au harufu ikianza hapo, kompresa yenyewe au klachi yake inakufa. Usingoje, ikikwama inakata belti, na kwenye gari nyingi belti hiyohiyo inazungusha altaneta na wota pampu. Pia angalia ndani ya matao kama tairi kubwa lililowekwa kwa urembo linasugua.

Tamu: kulanti. Usifungue kizibo cha rejeta kikiwa na moto, subiri hosi ya juu ishikike kwa mkono. Tafuta alama nyeupe au za rangi kwenye jointi za hosi na chini ya wota pampu. Kama harufu iko ndani, kioo cha mbele kina ukungu wenye mafuta na zulia la abiria limelowa, ni rejeta ndogo ya hita. Kulanti ina sumu na ina ladha tamu. Ikimwagika, osha kabla kuku, mbwa au mtoto hajaifikia.

Mayai viza kutoka nyuma ya gari: masega yamezidiwa. Kwa kawaida ni plagi au koili moja haichomi, petroli mbichi inaenda kuungulia ndani ya masega. Taa ya injini inayopepesa inasema hilohilo. Tengeneza plagi kwanza. Kununua masega au kuyang'oa kabla ya hapo ni kupoteza pesa.

Kitu kigeni: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini vifungashio bado viko barabarani na vinapenda ekzosi ya moto. Ekzosi ikipoa, kikwangue kwa kijiti cha mti. Tambara alilosahau fundi, kiota cha panya juu ya injini, na nyasi zilizojisokota juu ya masega baada ya safari ya shamba vinaweza kuwasha moto wa kweli, kwa hiyo ukitoka porini lala chini uangalie kabla ya kuegesha.

Ukilazimika kumpelekea fundi

Usioshe injini kabla ya kwenda, utafuta ushahidi. Mpe maelezo kwa sentensi moja yenye majibu ya yale maswali matatu: "Linanuka kama gazeti lililoungua, nikipanda kilima na gia ya pili, harufu iko nje, na mlio unapanda bila gari kwenda." Mwombe akuonyeshe kinachovuja au kinachoshika kabla hujanunua spea, na akurudishie ya zamani. Akimaliza, pandeni wote wawili, mpite barabara ileile na saa ileile ya foleni ambayo gari lilinuka. Kisha shuka, uzunguke tena na kile kiganja.